Asilimia 145 Hulipwa na Nani? Kuuelewa Mvutano wa Biashara kati ya Marekani na China

Tangu mwezi Aprili 2025, namba moja imezunguka sana katika mazungumzo ya Dodoma, kuanzia vijiwe vya kahawa vya Majengo hadi ofisi za Mji wa Serikali kule Mtumba: asilimia 145. Hicho ndicho kiwango cha ushuru ambacho Marekani, chini ya Rais Donald Trump, ilikifikia mwezi huo dhidi ya bidhaa za China, nayo China ikajibu kwa asilimia 125. Wako walioipokea habari hiyo kana kwamba China imepigwa faini, wako waliosema kwamba biashara kati ya mataifa hayo imekwisha kabisa, na wako waliotaka kujua ni lini bidhaa za Kariakoo zitashuka bei. Wiki chache baadaye viwango vikashushwa, kisha likaja tishio la kuvipandisha tena, kisha vikashushwa kwa mara nyingine, hata msikilizaji wa taarifa ya habari akapoteza mfululizo wake. Makala haya yanaifungua habari hiyo hatua kwa hatua, kwa kuanza na ushuru wenyewe, kwa kuwa sehemu kubwa ya mkanganyiko inaanzia hapo.

Ushuru wa forodha ni kodi ambayo serikali huitoza bidhaa inapoingia nchini kutoka nje. Anayeilipa ni mwagizaji, yaani mfanyabiashara au kampuni iliyoinunua bidhaa hiyo na kuileta, naye huilipa kwa mamlaka ya nchi yake mwenyewe ili mzigo wake uachiwe bandarini. Tuseme kampuni moja ya Los Angeles imeagiza kutoka Guangdong kontena la viti lenye thamani ya dola 100,000, na ushuru ni asilimia 25. Kampuni hiyo ya Kimarekani ndiyo itakayolipa dola 25,000 kwa forodha ya Marekani. Serikali ya China haitoi hata senti moja, na kiwanda cha Guangdong nacho hakipelekewi ankara yoyote.

Baada ya kulipa, mwagizaji huyo hutafuta namna ya kujifidia. Anaweza kumbana mwenye kiwanda ampunguzie bei, anaweza kukubali faida ndogo, au anaweza kupandisha bei dukani na kumwachia mnunuzi mzigo wote. Wachumi waliochunguza ushuru wa Marekani wa mwaka 2018 waliona kwamba karibu mzigo wote uliwaangukia waagizaji na wanunuzi wa Marekani wenyewe. Hilo halina maana kwamba China haikuumia. China iliumia kwa njia nyingine: oda zilipungua, viwanda vikapoteza wateja, na baadhi ya kampuni zikahamishia kazi Vietnam na Mexico. Kulipa ushuru ni jambo moja, na kudhurika kwa sababu ya ushuru ni jambo jingine, na anayeyachanganya mawili hayo hataweza kuifuata habari hii hadi mwisho.

Kwa watu wa mikoa ya kati somo hili si geni. Kila mwezi Juni, bajeti ya Serikali inaposomwa bungeni hapa Dodoma, wenye viwanda vya kukamua alizeti wa Singida, Kibaigwa na Dodoma mjini husubiri kwa hamu kusikia kiwango cha ushuru wa mafuta ya kula yanayotoka nje, hasa mafuta ya mawese ya Malaysia na Indonesia. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina ushuru wa pamoja wenye ngazi nne: sifuri, ambayo hutumika zaidi kwa malighafi na mitambo, kisha asilimia 10, kisha asilimia 25, na tangu Julai 2022 asilimia 35 kwa bidhaa zilizokamilika ambazo ukanda wetu una uwezo wa kuzizalisha wenyewe. Ushuru wa mafuta ukipanda, mwenye kiwanda hupata nafuu, hununua alizeti kwa bei nzuri, na mkulima wa Mkalama au Mpwapwa hurudi nyumbani na pesa ya maana. Mama anayekaanga chapati mjini, kwa upande wake, hulipa zaidi kwa kila lita. Ushuru ukishuka, mama huyo hupumua na mkulima huumia. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwaka 2023, pale kilio cha bei ya alizeti kilipotoka Singida na Dodoma hadi ndani ya ukumbi wa Bunge.

Katika mabishano hayo yote, sijawahi kumsikia mkulima akidai kwamba ushuru wa mafuta unalipwa na serikali ya Malaysia. Kila mmoja anajua kwamba unalipwa hapa, na kwamba hoja ni jinsi maumivu na faida vinavyogawanywa kati ya mkulima, mwenye kiwanda na mlaji. Ukiichukua hoja hiyohiyo na kuipeleka Marekani, ambako badala ya mafuta ya kula kuna chuma, viti, simu na magari, utakuwa umeshaelewa nusu ya vita vya biashara.

Nusu ya pili ni kisasi. Nchi moja ikipandisha ushuru peke yake, hiyo ni sera ya kulinda viwanda. Inakuwa vita vya biashara pale mwenzake anapojibu, naye wa kwanza akajibu jibu hilo. Hili pia tumelishuhudia kwa karibu. Mwezi Machi 2025 Malawi ilizuia uingizaji wa bidhaa kadhaa, zikiwemo unga, mchele, tangawizi na ndizi, na wakulima na wafanyabiashara wa Tanzania wakabaki na mizigo isiyo na soko. Afrika Kusini nayo ilikuwa haipokei ndizi zetu kwa muda mrefu. Mwezi Aprili, Hussein Bashe, wakati huo akiwa Waziri wa Kilimo, alitangaza kwamba Tanzania nayo inazuia mazao ya kilimo kutoka nchi hizo mbili. Matofaa na zabibu za Afrika Kusini zikaguswa na amri hiyo, huku Malawi, nchi isiyo na bahari, ikikumbushwa jinsi inavyoitegemea njia ya kupitia Tanzania. Baada ya muda mfupi mazungumzo yakafanyika na zuio likaondolewa. Hatua hiyo ilionyesha jambo ambalo watu wengi hawalizingatii, kwamba katika mgogoro wa biashara silaha haichaguliwi kwa sababu inahusiana na kosa. Huchaguliwa kwa sababu inamgusa mwenzako mahali anapokutegemea.

China ilifanya hesabu hiyohiyo mwaka 2018. Tarehe 6 Julai mwaka huo Marekani ilianza kutoza asilimia 25 ya ziada kwa bidhaa za China zenye thamani ya dola bilioni 34, na siku hiyohiyo China ikatoza asilimia 25 kwa bidhaa za Marekani, maharage ya soya yakiwa miongoni mwa zilizolengwa. Soya ya Iowa na Illinois haikuwa na uhusiano wowote na malalamiko ya Marekani kuhusu wizi wa teknolojia. Ililengwa kwa kuwa China ndiyo iliyokuwa mnunuzi wake mkubwa kuliko wote, na kwa kuwa majimbo ya wakulima yalikuwa na uzito katika siasa za Rais Trump. Mauzo ya soya ya Marekani kwenda China, ambayo mwaka 2017 yalikuwa takriban dola bilioni 12, yalishuka hadi takriban bilioni 3 mwaka 2018. Serikali ya Marekani ililazimika kutangaza misaada kwa wakulima wake, dola bilioni 12 mwaka 2018 na bilioni 16 mwaka uliofuata. Wakati huo wakulima wa Brazil, ambao hawakuwa wamegombana na mtu yeyote, waliuza soya yao kwa China kwa wingi.

Habari ya Brazil inastahili kutazamwa kwa makini, kwa maana msemo unaotajwa kila habari hizi zinapozungumzwa ni ule wa fahari wawili wapiganapo, nyasi ndizo ziumiazo. Nauheshimu msemo huo, lakini katika jambo hili unapotosha kidogo. Brazil haikuumia, na wala Vietnam na Mexico hazikuumia pale kampuni zilipohamia kwao. Waliofaidika walikuwa tayari na kile kilichohitajika: mashamba makubwa, barabara na bandari, viwanda, na mikataba iliyokwisha kusainiwa. Lesotho, kwa upande mwingine, iliumizwa vibaya ingawa haikuwa na ugomvi na yeyote. Ili kuelewa sababu yake, ni lazima tuingie katika jambo linalochanganya watu kuliko yote, nalo ni nakisi ya biashara.

Nakisi ya biashara hutokea pale nchi inaponunua kutoka nchi nyingine zaidi ya inavyoiuzia. Mwaka 2024 Marekani ilinunua kutoka China bidhaa za takriban dola bilioni 439 na kuiuzia za takriban bilioni 143, hivyo nakisi ikawa karibu dola bilioni 295. Wanasiasa wengi wa Marekani huitaja namba hiyo kana kwamba ni fedha zilizoibwa. Lakini mtazame mkulima wa Kongwa. Anauza mahindi yake katika soko la Kibaigwa, kisha kwa fedha hizo ananunua sabuni, sukari na daftari za watoto kwa mwenye duka wa kijijini. Mwenye duka hanunui mahindi kwake hata debe moja. Kwa hesabu ya kati yao wawili tu, mkulima ana nakisi kila mwaka, na hakuna atakayesema kwamba ameibiwa, kwa sababu pesa zimetoka Kibaigwa na bidhaa amezipata. Tatizo linakuja iwapo jumla ya matumizi yake yote inazidi jumla ya mapato yake yote na anaishi kwa kukopa. Marekani ina tatizo la namna hiyo pia, lakini chanzo chake ni kwamba taifa zima linatumia zaidi ya linavyozalisha, na kuiwekea ushuru nchi moja moja hakuliondoi tatizo hilo. Huihamishia tu nakisi kwa muuzaji mwingine.

Hata hivyo, tarehe 2 Aprili 2025, Marekani ilipotangaza viwango vipya kwa takriban dunia nzima, nakisi hiyo ya nchi moja moja ndiyo iliyotumika kama kipimo. Nakisi ya bidhaa iligawanywa kwa thamani ya bidhaa ambazo Marekani hununua kutoka nchi husika, kisha jibu likakatwa nusu. Kwa China hesabu hiyo ilitoa asilimia 34, ambayo baadaye ilipandishwa kwa mfululizo wa visasi na kujumlishwa na ushuru mwingine hadi ikafika 145. Kwa Lesotho, nchi maskini inayoiuzia Marekani nguo na almasi na kununua kidogo sana kutoka huko kwa sababu ya uchache wa kipato chake, jibu lilikuwa asilimia 50. Madagascar, mwuzaji mkubwa wa vanila, iliwekewa 47. Tanzania ilipewa kiwango cha chini cha asilimia 10, na hii haikuwa zawadi ya urafiki, bali kwa kipimo hicho haikuonekana kuwa na nakisi ya kuadhibiwa. Viwango vingi kati ya hivyo vilisitishwa siku chache baadaye ili kupisha mazungumzo, lakini hesabu yenyewe inaonyesha jinsi nchi ndogo inavyoweza kujikuta ndani ya mgogoro bila kosa lolote.

Kosa jingine la kawaida ni kudhani kwamba mambo haya yote ni hasira za mtu mmoja na kwamba yataisha atakapoondoka madarakani. Rais Joe Biden alipoingia mwaka 2021 aliuacha ushuru mwingi wa mtangulizi wake ukiendelea. Oktoba 2022 serikali yake iliweka masharti makali ya kuizuia China isipate chipu za kisasa kabisa na mitambo ya kuzitengenezea, na mwaka 2024 ikapandisha ushuru wa magari ya umeme ya China hadi asilimia 100. Vyama viwili vya Marekani vinagombana karibu kila jambo, ila katika hili vinakubaliana kwamba China ni mshindani anayepaswa kuzuiwa. Kwa upande wa pili, China ilikwisha kutangaza mwaka 2015 mpango wa kujitegemea katika teknolojia kubwa, kuanzia roboti na ndege hadi magari ya umeme. Ilitaka kutoka katika kazi ya kuunganisha vipuri vya wengine na kuingia katika kazi ya kuvibuni. Huko ndiko ugomvi wenyewe uliko. Viti na viatu ni bidhaa zinazotozwa ushuru, lakini kinachogombewa ni nani atakayetengeneza vitu ambavyo wengine wote watalazimika kuvinunua kwake.

Hapo ndipo madini adimu yanapoingia, na ningependa msomaji wa Tanzania aelekeze macho yake hapa kuliko kwenye asilimia zinazotangazwa redioni. Madini adimu ni kundi la elementi 17 zinazotumika kutengeneza sumaku zenye nguvu sana zilizomo ndani ya mota za magari ya umeme, mitambo ya upepo, simu, ndege za kivita na makombora. Jina lake linapotosha, kwani elementi hizi zinapatikana katika nchi nyingi, Marekani ikiwemo. Ugumu upo katika kuzitenganisha. Hukaa pamoja ndani ya jiwe moja zikiwa zimefanana mno kikemia, na kuzitenga kunahitaji hatua nyingi za tindikali, maji mengi, utaalamu wa miaka mingi, na uvumilivu wa uchafuzi wa mazingira ambao nchi tajiri hazikuutaka karibu na makazi yao. Mgodi wa Mountain Pass wa California uliwahi kuongoza duniani kwa miaka mingi. Taratibu kazi hiyo ikahamia China, ambako ilifanyika kwa bei nafuu, hadi leo China inachimba zaidi ya nusu ya madini adimu ya dunia na kusafisha takriban asilimia 90.

Tarehe 4 Aprili 2025, siku mbili tu baada ya tangazo la Trump, China iliweka masharti ya leseni kwa uuzaji nje wa elementi saba kati ya hizo pamoja na sumaku zake. Athari ilikuwa ya haraka. Mwezi Mei kiwanda cha Ford cha Chicago kilisimamisha uzalishaji kwa muda wa wiki moja kwa kukosa vipuri vyenye sumaku hizo. Gari zima lenye thamani ya maelfu ya dola lilikwama kwa kipande kidogo kinachoweza kukaa kiganjani. Mwezi huohuo wajumbe wa nchi hizo walikutana Geneva na kukubaliana kushusha viwango, Marekani hadi asilimia 30 na China hadi 10. Oktoba China ikatangaza masharti mapana zaidi ya madini adimu, Trump akatishia asilimia 100 ya ziada, na tarehe 30 mwezi huo Rais Xi Jinping na Rais Trump wakakutana Busan, Korea Kusini. Marekani ikapunguza ushuru wake kwa asilimia 10 nyingine, China ikayasitisha masharti yake mapya ya madini kwa mwaka mmoja na kuahidi kununua soya tena. Atakayeniuliza ni nini kilichoirudisha Marekani mezani mara zote mbili, nitamjibu kwamba kwa kiasi kikubwa ni mitambo ile ya kusafisha madini.

Nchi yetu inalo jiwe hilo. Mlima wa Ngualla katika Mkoa wa Songwe una madini adimu, Mahenge na Ruangwa zina grafaiti inayotumika katika betri, na Kabanga wilayani Ngara kuna nikeli. Aprili 2023 Serikali ilisaini mikataba na kampuni za Australia kuhusu madini adimu na grafaiti, na mwezi mmoja kabla yake Kamala Harris, akiwa Makamu wa Rais wa Marekani, alizungumzia akiwa Dar es Salaam mradi wa kusafisha nikeli ya Kabanga ndani ya Tanzania kwa ajili ya soko la Marekani na kwingineko. Wachina nao wana hamu ileile. Mvutano huo umeingia hadi kwenye reli: Marekani imeunga mkono njia ya Lobito inayotoa shaba ya Kongo na Zambia kupitia Angola hadi bahari ya Atlantiki, na China imeshika mradi wa kuifufua TAZARA, reli iliyoijenga yenyewe miaka ya 1970, inayoileta shaba hiyohiyo Dar es Salaam. Ikiwa tutauza jiwe kama lilivyotoka ardhini, tutakuwa katika nafasi ya mkulima anayeuza alizeti kwa gunia na kununua mafuta kwa chupa. Mikoa ya kati imeishi hivyo muda wa kutosha kujua kwamba bei ya gunia hupangwa na mwenye mashine ya kukamulia.

Yako mambo mawili yanayotufikia moja kwa moja, nayo hayahitaji maelezo marefu. La kwanza ni bidhaa. Bidhaa za China zisipokwenda Marekani hutafuta soko kwingine, na mwaka 2025 mauzo ya China kwa Afrika yaliongezeka kwa zaidi ya asilimia 20, huku ziada yake ya biashara na dunia nzima ikivuka dola trilioni moja. Anayenunua sola kwa ajili ya nyumba yake Chamwino anaweza kunufaika na wingi huo. Fundi anayetengeneza samani, au kiwanda cha nguo kinachojitahidi kusimama, hukutana na ushindani ambao ni vigumu kuumudu. La pili ni dhahabu. Hofu ikitanda katika biashara ya dunia, benki kuu na wawekezaji hukimbilia dhahabu, na Oktoba 2025 wakia moja ilivuka dola 4,000 kwa mara ya kwanza. Tanzania, ambayo huuza dhahabu nje kuliko bidhaa nyingine yoyote, ilipata fedha za kigeni kutokana na hilo, na wachimbaji wadogo wa Singida wakaiona tofauti katika bei wanayouzia. Ni faida ya kweli, lakini imejengwa juu ya hofu za wengine, nayo inaweza kushuka zitakapotulia.

Pengine msomaji atauliza kwa nini hakuna mwamuzi. Shirika la Biashara Duniani, lenye makao yake Geneva na linaloongozwa na Ngozi Okonjo-Iweala wa Nigeria, liliundwa mwaka 1995 kwa kazi hiyo, na Tanzania ni mwanachama wake tangu mwanzo. Kanuni yake kubwa ni kwamba nchi isimbague mwanachama mmoja kwa kumtoza tofauti na wengine. Lakini chombo chake cha rufaa kimekosa majaji wa kutosha tangu Desemba 2019, kwa sababu Marekani imekuwa ikizuia uteuzi wa wapya. Anayeshindwa kesi leo anaweza kukata rufaa kwenye chombo kisichofanya kazi, na kesi ikaishia hapo.

Kuna jambo moja zaidi ambalo limepita bila kelele. Tangu tarehe 1 Desemba 2024 China imeondoa ushuru wote kwa bidhaa za nchi zenye maendeleo duni zaidi zinazohusiana nayo kidiplomasia, Tanzania ikiwa mojawapo, na Juni 2025 ikatangaza nia ya kuufanya mpango huo uzifikie nchi 53 za Afrika. China ni mnunuzi mkubwa wa ufuta wetu, na ufuta unalimwa Kondoa, Chemba na Manyoni. Soya ya Tanzania iliruhusiwa kuingia huko tangu mwaka 2020, wakati China ilipokuwa ikitafuta wauzaji wengine badala ya Marekani. Wengi wanaposikia ushuru sifuri hudhani kwamba mlango umefunguliwa kabisa. Ushuru, hata hivyo, ni kizuizi kimoja tu. Kila zao linahitaji itifaki yake ya afya ya mimea, mashamba na maghala yaliyosajiliwa, na vipimo vya viuatilifu na sumukuvu. Mikoa ya kati inaifahamu sumukuvu kwa uchungu, kwani mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula nafaka zilizoathirika. Karanga au mahindi yaliyorundikwa yakiwa na unyevu huota kuvu yenye sumu hiyo, na shehena ikikutwa nayo bandarini hurudishwa au kuteketezwa, hata kama ushuru wake ni sifuri.

Makubaliano ya Busan yaliwekewa muda hadi tarehe 10 Novemba 2026. Tarehe hiyo inakuja miezi kadhaa baada ya ufuta wa msimu huo kuvunwa, kuanikwa juu ya maturubai, kupelekwa ghalani na kupigiwa mnada chini ya mfumo wa stakabadhi, na kwa mkulima wa Chemba maamuzi yenye uzito yatakuwa yamekwisha kufanyika kwenye turubai na kwenye ghala.